Baiskeli ya Chuma na Baiskeli ya Upepo

Kismayu, 4 Januari 2024

Kaka yangu Shihab,

Assalaam alaykum. Sasa hivi Rawda amechukua mfuniko wa sufuria ya wali, akausimamisha kwa ubavu, akausukuma. Umevingirika uani mpaka kwenye pipa la maji, ukajizungusha hapo kidogo, ukalala. Amecheka peke yake, kisha akajikokota kwa makalio kuufuata, mguu wa kushoto ukiburutwa nyuma yake kama si wake. Nilikuwa nawaza nianze vipi barua hii, naye akanianzishia, maana nataka kukuuliza habari za magurudumu.

Unajua alifunguliwa plasta mwezi wa kumi. Daktari alisema nyonga imerudi mahali pake lakini bado haijazoea kukaa hapo. Kuna dada mmoja wa chumba cha mazoezi, anaitwa Sabah, anamnyoosha kila Jumapili na Jumatano. Mikono yake ni laini na maneno yake ni makavu. Aliniambia, "Mama Rawda, mwaka huu ndio mwaka wake. Mkikatiza, nyonga itakomaa vibaya, na hapo sitakuwa na la kukusaidia."

Shida ni njia. Sisi tuko mwisho wa mji, na kutoka hapa hadi hospitali ni mawe na mashimo. Bajaji ikiruka, mtoto anapiga yowe, nami nahisi kama nimempiga kwa mkono wangu. Sasa akisikia tu mlio wa bajaji anajificha nyuma ya pipa, anajifunika mtandio wangu kichwani, anadhani haonekani. Wiki iliyopita hatukwenda hata mara moja. Nikimbeba mgongoni tunafika zamu yake imeshapita.

Jana nimeona kitu. Amepita mwuza maziwa ya ngamia juu ya baiskeli ambayo sijapata kuona. Chini ya tandiko ina springi nene kama kifundo cha mkono wangu, na miguu yake ya mbele inazama na kuinuka. Kwenye usukani amening'iniza ndoo ya maziwa imefunikwa kitambaa tu. Akapita juu ya shimo la mbele ya mlango wetu, lile linalozitoa bajaji roho. Baiskeli ikazama, ikainuka. Maziwa hayakumwagika. Nikamkimbilia, nikamwuliza ameitoa wapi. Akasema, "Mombasa, mitumba. Niache nipite, maziwa yanapata joto."

Wewe ndiye unayezifungua na kuzifunga hizo kila siku, basi nieleze mimi ambaye nimeishia darasa la nne. Kile kishindo kimekwenda wapi? Shimo lipo, tairi imelipiga, na maziwa hayana habari. Je, mtoto akikaa mahali pa ile ndoo?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya mkwe wangu Bi Zaituni. Ukinitumia sauti anaifungua yeye, na mtaa wote unasikiliza. Barua amekubali kuibeba Waleed wa mashua ya mizigo.

Mdogo wako,
Thuraya


Mombasa, 13 Januari 2024

Mama Rawda,

Wa alaykum salaam. Waleed amenipa barua yako mbele ya wateja, na nikaisoma nimesimama, mikono yangu imejaa grisi, ndiyo maana nakurudishia majibu kwenye karatasi yenye vidole vyangu.

Umeuliza swali ambalo kijana tuliyemwajiri hapa hajaliuliza tangu aje. Kishindo hakipotei, dada. Springi inakimeza haraka, halafu inakitema polepole, kidogo kidogo, mpaka mwili haukitambui tena. Ni hivyo tu. Miguu ya mbele inameza cha mbele, springi ya nyuma inameza cha nyuma, na aliyekaa katikati anapita kama bwana harusi.

Sasa sikiliza. Katika kontena la mwisho zimebaki mbili za namna hiyo, zinazozama mbele na nyuma. Mzee Husein, mwenye duka, ameniambia nichukue moja iwe yangu kwa kuwa nimemvumilia miaka mitano. Mimi nimeshampa Rawda kabla sijaichukua. Lakini ni moja, na lazima tuchague.

Ya kwanza ni nyekundu. Springi yake ya nyuma ni ya chuma, inaonekana kwa macho. Ni nzito na haina matengenezo mengi. Ubaya wake ni huu: chuma hicho kimepindwa kwa ajili ya mtu wa uzito fulani. Huwezi kubishana nacho. Halafu kuna kutu, na hewa ya huko unaijua.

Ya pili ni ya kijivu. Hiyo huioni springi. Ina kijibomba kilichojaa upepo, na inakuja na pampu yake ndogo yenye saa ya kupimia. Mtu mzito unamwongezea upepo, mwepesi unampunguzia. Ni nyepesi na inapendeza. Lakini mpira wake wa ndani ukichoka, upepo unatoka wote, baiskeli inakaa chini kama ngamia, na Kismayu sijui nani atakuinulia.

Halafu ujue, zote mbili hazina keria. Sehemu ya nyuma inapanda na kushuka, ukifunga mzigo hapo mzigo unapigwa kama kawaida. Mtoto atakaa mbele, kwenye kiti kidogo nitakachokifunga juu ya fremu, baina ya mikono ya mwendeshaji.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea anayeendesha. Niandikie shemeji yangu Hussni ana kilo ngapi. Usikisie. Mtu akikisia ananiharibia kazi.

Kakako,
Shihab


Kismayu, 20 Januari 2024

Kaka Shihab,

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka Rawda amejua kuigiza ninavyoisoma. Anashika karatasi juu chini na kusema, "Springi, springi."

Hussni ana kilo tisini na mbili. Sikukisia. Idi iliyopita alishindana na Mahmudi mnunuzi wa samaki, akapanda juu ya mizani ya magunia mbele ya watu. Mahmudi akasema, "Ungekuwa nguru ningekununua, ila wewe ni mifupa na maneno." Watu wakacheka, lakini tisini na mbili kila mtu aliiona.

Nina maswali mengine, ni kwa kutaka kujua tu. Ikiwa springi imepindwa kwa mtu mzito, akaikalia mtu mwepesi, inatokea nini? Inazama nusu, au haizami kabisa? Na ile ya kijivu, ukipunguza upepo, unaweza kuupunguza hadi wapi kabla haijakataa? Na fremu ya nyekundu iko juu sana? Mtu aliyevaa nguo ndefu, tuseme kanzu, anaweza kupitisha mguu bila kunasa?

Usinione nauliza sana. Nikiuliza naona kama Rawda ameshapanda.

Wiki hii tumekwenda mara moja. Amelia njia nzima, na Sabah hakuweza kumgusa kwa kuwa mwili ulikuwa umekaza kama ubao.

Dadako,
Thuraya


Kismayu, 21 Januari 2024

Kwa mume wangu Hussni, kisiwani Koyama

Assalaam alaykum. Tunamshukuru Mungu, sote wazima, mama yako mzima. Anasema kamba mnaowapigia mbizi huko mwaka huu wadogo, kama kwamba amewaona.

Nataka ulisikie jambo hili kwangu kabla ya kulisikia kwa watu. Kaka Shihab atatuletea baiskeli ya springi ili Rawda apelekwe kwenye mazoezi bila maumivu. Yeye anajua utakayeiendesha ni wewe. Hajui kwamba uko Koyama tangu mwezi wa kumi na mbili na hurudi mpaka bahari ichafuke. Ameniuliza kilo zako, nikamtajia kilo zako. Sikusema uongo, ila sikusema mengine.

Nitakayeiendesha ni mimi.

Nilijua kuendesha tulipokuwa Kisauni, nikiwa mdogo. Nilipitisha mguu ndani ya fremu ya baiskeli ya Shihab kwa kuwa tandiko sikulifikia. Nimeshashona suruali kwa kile kikoi chako cha zamani, niivae ndani ya jilbabu, nguo isiingie kwenye mnyororo. Sikumwambia kaka kwa sababu angesema mji huu si wa mwanamke kupanda baiskeli, na angekuwa ameniambia kweli. Mama yako pia sijamwambia.

Lakini nieleze wewe, nani atampeleka? Mwaka huu ukipita na mguu ule, siku atakapotuuliza kwa nini hakutembea, nitamwambia niliwaogopa watu wa barazani?

Usikasirike. Ukikasirika, niandikie kwa nini, nami nitafikiri.

Nangoja neno lako,
Mama Rawda


Mombasa, 2 Februari 2024

Dada,

Barua hii nimeifunga kwenye usukani, kwa hiyo ukiisoma umeshaiona mwenyewe. Nimechagua nyekundu.

Kwa mtu wa kilo tisini na mbili, mahali pasipo na fundi wa mambo ya upepo, sikuwa na njia nyingine. Nimeipanda mwenyewe nikiwa nimefunga gunia la mchele mgongoni ili nifikie uzito wa Hussni, nikashuka nayo ngazi za nyuma ya duka. Mzee Husein aliniona, akarudi ndani. Inazama vizuri.

Maswali yako. Springi ya mtu mzito haimtambui mtu mwepesi. Akiikalia, inakaa kama jiwe, na kila shimo litampanda mpaka kwenye meno. Lakini hilo halituhusu. Na tangu lini Hussni anaendesha baiskeli na kanzu? Mwambie avae suruali kama watu.

Chuma kisikae na chumvi. Kifuteni na kukipaka mafuta kidogo.

Nataka kusikia Rawda alivyofika.

Shihab


Kismayu, 14 Februari 2024

Kaka yangu,

Baiskeli imefika salama. Ni nyekundu kweli, nyekundu kama ile isiyoona haya. Rawda alilishika gurudumu, akalizungusha, akaweka shavu karibu ahisi upepo wake. Nilipomtoa hapo alinipiga.

Bi Zaituni aliitazama kama anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Akasema, "Hii itakula nini?" Akaendelea kuchambua mchele.

Baiskeli ilijaribiwa kwanza ufukweni maji yalipotoka, pale mchanga unapokuwa mgumu. Ilikwenda, ikaanguka, ikakwenda tena. Halafu ikapelekwa hospitali na Rawda mbele.

Kaka, amelia. Alilia kuliko kwenye bajaji, maana kwenye bajaji walau yuko mapajani. Kwenye shimo la mlangoni kwetu springi haikuzama hata unene wa kidole. Njiani bajaji moja ikapita pembeni, dereva akasema, "Mama, ukichoka niletee huo mkokoteni, wewe uendeshe bajaji." Tumefika, na Sabah akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema tu, "Leo haiwezekani."

Nilirudi nikaisoma tena barua yako, pale mahali pa jiwe na meno.

Nataka kukuuliza, ile ya kijivu bado ipo? Siulizi kwa ajili yetu. Ni kwa mtu mwingine, mwepesi.

Thuraya


Mombasa, 24 Februari 2024

Thuraya,

Huyo mtu mwingine, mwepesi, ana kilo ngapi? Na je, ana kovu kwenye goti la kulia, alilolipata Kisauni akipitisha mguu ndani ya fremu yangu, halafu akamwambia mama kwamba ameng'atwa na bata?

Nimemkalisha Waleed chini. Nimemwuliza Hussni yuko wapi. Akaanza kukuna kichwa, nami nikajua. Yuko Koyama tangu kabla ya barua yako ya kwanza, na mimi hapa nimefunga gunia la mchele mgongoni kama punda, ili nipate uzito wa mtu ambaye hayupo.

Nimekasirika. Nataka ujue ni kwa lipi. Sikukasirika kwa sababu umepanda. Hilo limenishtua, limeninyima raha siku mbili, nawaza watu wa huko na midomo yao, lakini huyo ni mwanao na njia unaipita wewe. Nimekasirika kwa kilo. Ungeniandikia kilo zako, ningekuletea ya kijivu siku ile ile, nimekupimia upepo wako mwenyewe, na Rawda asingelia safari hiyo. Umenificha mimi, kishindo kikamwendea yeye.

Basi. Ya kijivu bado imetundikwa. Kuna mtu wa Nyali anakuja kuigusagusa kila Ijumaa. Nimemwomba Mzee Husein asiiuze mpaka Ramadhani iingie, na amekubali kubadilishana ikiwa nyekundu itarudi haina mkwaruzo. Safari hii sichagui mimi. Chagua wewe, ukijua unachokijua. Na nataka jibu lenye ukweli wote.

Kakako, ambaye alijua tangu lile swali la kanzu lakini hakutaka kujua,
Shihab


Koyama, 2 Machi 2024

Mama Rawda,

Barua yako ilifika imelowa. Maneno ya katikati yamekwenda na maji. Nimesoma "baiskeli", nimesoma "mimi", nimesoma "usikasirike". Nikakaa nayo siku nyingi, sijui nisikasirike kwa jambo gani.

Halafu wamekuja watu wa mashua kutoka huko, wakaniambia mbele ya wenzangu kwamba mke wangu anapita mjini juu ya baiskeli nyekundu, ameipakia farumi ya kuituliza kama chombo cha safari, na paka wanamfuata. Wenzangu wamecheka mpaka chai ikapoa. Mimi nilicheka mwisho, nilipoelewa.

Nauliza moja tu. Rawda bado analia?

Kama halii, hao watu waache waseme. Nikirudi nitakaa nao barazani, waniambie mimi usoni.

Hussni


Kismayu, 9 Machi 2024

Kaka yangu Shihab,

Umetaka ukweli wote. Nina kilo hamsini kasoro moja, Rawda ana kumi na mbili, na kovu liko pale pale. Bata alikuwepo, lakini hakuhusika.

Kweli nilikuficha. Niliogopa ungesema hapana, na ukisema hapana mimi siwezi kukukaidi, hata kwa barua. Kwa hiyo nikakunyima nafasi ya kusema. Sikufikiri kwamba chuma nacho kinasikiliza. Nilidhani ni watu tu wa kufichwa, kumbe springi inajua nani amekaa juu yake.

Sasa nikusimulie, maana kuna jambo limetokea kabla barua yako haijafika.

Baada ya ile safari ya kilio Bi Zaituni hakunisemesha siku mbili. Alikuwa ameniona natoka na suruali ya kikoi. Jumapili nikamfunga Rawda kwenye kiti, nikaona mkwe wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi na hicho?"

"Hospitali, mama."

"Na mtoto atalia?"

"Atalia."

"Na wewe utaendelea kwenda?"

"Nitaendelea."

Nikaondoka, nikapiga shimo la mlangoni, Rawda akapiga kelele. Nikasikia nyuma yangu, "Rudi." Nikasema basi, imekwisha, leo baiskeli inaingia stoo na haitoki.

Akaja, akamtoa Rawda kwenye kiti, akanipa nimshike. Halafu akaliwekea tandiko mikono yote miwili, akaegemea kwa uzito wake, na unajua si mdogo. Springi ikazama. Akainuka, ikainuka. Akaegemea tena. Akafanya hivyo kama mara tano, uso wake ukibadilika, kama mtu anayemkumbuka mtu aliyemjua zamani.

Akaniuliza, "Hii ilikusudiwa nani?"

Nikasema, "Hussni."

"Na wewe unaipanda hivyo hivyo, tupu?"

Sikuelewa. Yeye ni binti wa nahodha, amekulia Koyama na kusafiri na baba yake mpaka aliposhindwa kutoshea kwenye nguo za kitoto. Akaniambia, "Chombo kikitoka bila mzigo kinarukaruka, abiria wanatapika. Si kwamba bahari mbaya, ni kwamba chombo chepesi. Baba yangu akikosa mzigo alipakia mawe. Hakutoka bandarini bila farumi. Wewe unamtoa mjukuu wangu bila farumi, halafu unashangaa analia."

Akanituma nikalete mchanga. Akajaza mifuko miwili ya turubai, akaifunga kwa kamba moja nyuma ya tandiko, mfuko huku na mfuko huku, yote imekaa juu ya fremu na haigusi ile sehemu inayopanda na kushuka. Hilo la sehemu ya kupanda na kushuka nilimweleza mimi, kutoka kwenye barua yako, na akaniambia, "Hata kakako si mjinga." Akarudisha mtoto kwenye kiti. Akasema, "Haya. Polepole."

Kaka, nilipofika kwenye shimo nilifumba jicho moja. Baiskeli ilizama, ikainuka, kama ile ya mwuza maziwa. Rawda alikuwa amekaza mikono, amefungua mdomo tayari, anayangoja maumivu. Hayakuja. Akafunga mdomo. Akainama akatazama chini ya gurudumu, kisha akageuza shingo kuniuliza, "Mama, shimo limekwenda wapi?"

Nilimwambia nitamwuliza mjomba wake.

Siku hiyo Sabah alimnyoosha mpaka mwisho. Na tangu hapo hatujakosa.

Mchanga haukukaa sana. Bi Zaituni huuza sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo mafundi wa mashua wanayapaka mbao, na mafundi wenyewe wako njiani kwetu. Wiki ya pili akasema, "Mchanga wa nini, nawe unapita pale pale?" Sasa farumi yangu ni madumu mawili ya sifa. Naenda nimejaa. Kurudi, kwa kuwa madumu yamebaki matupu, mafundi wananijazia mchanga, na mmoja wao huniita Nahodha. Yule dereva wa bajaji aliniona nimeshuka mbele ya karakana yao akasema, "Mama, leo umebeba papa mzima?" Bi Zaituni alikuwepo siku hiyo. Akamwambia, "Wewe ubebe abiria wako kwanza wasilie." Wakacheka hata abiria.

Ulisema nikipake chuma mafuta kidogo. Mkwe wangu amekisikia hicho, na asubuhi moja aliamka akaipaka baiskeli nzima sifa, kama mashua, kuanzia usukani hadi mnyororo. Kutu haitathubutu. Harufu yake ndiyo imefika mpaka Koyama, Hussni ameniandikia, na paka ni kweli. Najua unachotaka kusema kuhusu breki. Nimejifunza siku ile ile, kwenye ukuta wa Mahmudi, polepole, na Rawda hakuwa kwenye kiti, usishtuke. Kisahani cha breki nimekisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka kimelia. Mkwaruzo mmoja upo, kwa hiyo Mzee Husein asingeipokea hata ningetaka.

Lakini sitaki ufikiri kwamba nimechagua kwa ajili ya mkwaruzo. Nimefikiri sana kuhusu ya kijivu. Ni kweli ingenifaa tangu mwanzo, na bila ya kukuficha kwangu ingekuwa hapa. Ningeipimia upepo wangu, nikaenda kimya kimya, na nadhani Bi Zaituni mpaka leo angekuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Hii nyekundu ni nzito, inanitoa jasho, lakini naielewa. Nikitaka kujua imeshiba au ina njaa naitazama kwa macho. Bahari ikichafuka Hussni atarudi, na siku atakayoipanda yeye hatutahitaji farumi, ataikalia tu. Halafu Rawda akiendelea kukua, nitapunguza sifa kadiri yeye anavyoongezeka. Hesabu hiyo naipenda. Bi Zaituni ametupeleka kwa Mahmudi kupimwa, akamwambia Mahmudi ageuze uso, akasoma mizani mwenyewe.

Kwa hiyo mwachie mtu wa Nyali ya kijivu, amekuwa na subira. Ila kuna kitu nataka kujua. Ile pampu ndogo yenye saa, ukiisukuma, unajuaje upepo umetosha, unasikia kwa mkono au mpaka uisome? Na mtu wa darasa la nne anaweza kujifunza kazi hiyo, kwa mfano akija Mombasa baada ya Idi na mwanawe? Nauliza kwa ajili yangu. Sio mtu mwingine.

Rawda yuko uani. Baiskeli imeegemezwa kwenye pipa la maji, lile alilokuwa akijificha, naye amesimama ameshika gurudumu la nyuma, ndivyo anavyofanya kila jioni sasa. Analizungusha kwa mkono mmoja na kujishikilia kwa mwingine, nyanya yake amekaa karibu anawafukuza paka kwa maneno. Sabah anasema nyonga imeanza kuzoea, tusimlazimishe, atakapotaka mwenyewe ata

Bi Zaituni ananiita. Nimesema nakuja, namaliza mstari. Ananiita tena, na si sauti yake ya siku zote, anasema niiache hiyo kalamu nitoke sasa hivi, polepole, nisimshtue, Rawda ameliachia gurudumu na